Mkono wa Wifi Yangu

Kwetu mtaani ukisikia watoto wanakimbia huku wanapiga kelele "Wageni! Wageni!", ujue kila nyumba imeanza kuficha mali. Kwingine mgeni akija watu wanatandika shuka safi. Sisi tunaitandua. Redio inaingia chini ya kitanda, sufuria zinazong'aa zinafunikwa gunia, kiti chenye miguu minne kinapelekwa uani na chenye mitatu kinaletwa sebuleni. Hata nguo za wageni zipo. Mimi mwenyewe ni dobi, mtu ninayewafulia watu mashati mpaka wenyewe wanayashangaa, lakini nina gauni moja lililochanika begani ambalo silifui makusudi. Hilo nalivaa magari yakionekana.

Wageni ninaowasema ni wale wa misaada. Mwenyekiti wetu wa mtaa anawapokea, anawatajia tunavyokosa kimoja baada ya kingine huku sauti inamtetemeka, halafu anawaleta nyumbani kwangu. Usidhani wanakuja kuniona mimi. Mimi wananipita hapo mlangoni hata salamu hawanipi. Wanakuja kumwona wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na tunaishi naye kwenye vyumba vyetu viwili. Mtaani wanamwita Mama Mkono. Zamani walimwita Mkasi, na jina lile hakupewa bure, alikuwa fundi wa kukata nguo. Na usije ukachanganya kushona na kukata. Kufuata mstari kwa cherehani hata mimi ningefundishika. Lakini kuchukua kitambaa kizima, ukakikata, na suruali ikamkaa mwenyewe vizuri, hiyo kazi ina wenyewe. Wifi alikuwa anakutazama mara moja tu, juu mpaka chini, anasema, "Bega lako la kushoto limeshuka, mama," kisha chaki, kisha mkasi, kra kra kra, amemaliza. Gauni langu la harusi alilikata yeye. Nilipolivaa nilijitazama kwenye kioo nikauliza, huyu nani?

Siku hizo mtaa haukuwa na maji. Tulikuwa tunapanda mteremko na ndoo kutoka bondeni. Mvua ilinyesha, wifi akateleza na ndoo yake, akauangukia mkono wa kulia, ukavunjika karibu na kiwiko. Alifungwa plasta. Ilipotolewa akaufunga mkono kwa kitambaa shingoni, na kitambaa kile hakikutoka tena. Binti yangu wa kwanza alikuwa anatambaa wakati huo. Sasa anajisuka nywele mwenyewe na kunijibu anavyotaka.

Wageni wa kwanza walimkuta bado ana plasta. "Mama huyu anabebaje maji?" akauliza mmoja wao, akatoa leso akalia. Haukupita muda, bomba likaja. Jamani! Mtaa mzima ulikuja kumshukuru wifi utadhani amelizaa yeye. Tangu hapo kila gari likija Mwenyekiti anapiga hodi, wifi anakaa kwenye mkeka, anakunja uso, na wageni wanatikisa vichwa.

Nami ndiye niliyemfunga vifungo vya nguo. Nilimchana nywele, nilimkatia kucha, nilimsugua mgongo, na hata akioga mkono ulikuwa umekunjwa kifuani vilevile. Sijifanyi malaika, nililalamika mpaka kuta zikachoka kunisikia. "Wifi, hata kijiko nacho kinakushinda kwa mkono wa kushoto?" Ananijibu, "Punguza maneno, sugua hapo chini kidogo." Tunagombana, tunacheka, maisha yanaendelea.

Halafu akaja Dada wa Kofia.

Tulimwita hivyo kwa sababu alikuja kwa miguu, peke yake, na kofia pana ya jua. Sisi tulikuwa tumejipanga na matambara yetu. Mwenyekiti akaanza: hatuna zahanati, hatuna taa, vijana wetu hawana kazi. Yule dada akamsikiliza mpaka mwisho, hakuandika hata neno moja. Kisha akasema, "Asanteni. Mnachokosa nimekisikia. Sasa naomba mniambie mnachoweza."

Hakuna aliyewahi kutuuliza swali kama hilo. Fundi viatu aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Usijibu. Ni mtego. Ukisema una kitu, umefutwa." Kila aliyeulizwa akasema hana kitu, hajui kitu, hawezi kitu. Nilipofikiwa mimi nikasema, "Mimi? Mimi nafua tu." Gauni langu chafu likanishuhudia kinyume.

Mwenyekiti alipoona mambo hayaendi akatoa silaha yake. "Ingia ndani nikuonyeshe mama mmoja, mkono wake..."

"Nitamsalimia," akasema Dada wa Kofia. "Yeye anajua kufanya nini?"

Mwenyekiti akameza mate. "Anajua... anajua kuumwa."

Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana tulikuwa tumesimama mlangoni kwangu na wifi alikuwa hapo ndani kwenye mkeka, anasikia kila neno. Nilimwona anainamisha kichwa. Siku ile alikataa kulishwa. Alikula kwa mkono wa kushoto, akajimwagia nusu ya chakula, na nilipotaka kumsaidia akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona.

Kabla ya kuondoka Dada wa Kofia alitueleza kilichomleta. Karibu na bomba kuna stoo ya zamani ya halmashauri, imefungwa miaka. Halmashauri ilikuwa tayari kuwapa wakazi wakiwa na kazi ya maana ya kufanya ndani yake. Na mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alitafuta watu wa karibu wa kushona sare za wanafunzi. Mwalimu alitoa vitambaa viwili vya majaribio. Tukileta suruali moja iliyokatwa na kushonwa sawasawa, stoo ni yetu na kazi ya sare ni yetu. Tukishindwa, stoo anapewa mfanyabiashara mmoja aweke mbao zake. Tulipewa mpaka Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoujua mtaa wangu. Haki ya Mungu, nilidhani tuna cherehani moja, ile ya mama wa kona. Mara moja ikatokea chini ya kitanda cha fundi viatu. Nyingine ikatoka nyuma ya mahindi ya jirani yangu, mtu ambaye kila mwezi aliazima sindano kwangu! Na Mwenyekiti mwenyewe, yule wa sauti ya kutetemeka, alikuwa nazo mbili, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Nilimwuliza, "Mwenyekiti, hizi nazo zinakosa nini?" Akajifanya hamnazo.

Mashine zilipatikana na wa kushona wakapatikana, ila wa kukata hakuwepo. Kila mtu akatazama nyumbani kwangu, kisha akatazama chini. Mwishowe mama wa kona akajitosa kukikata kitambaa cha kwanza. Loo! Suruali ile mguu mmoja ungemtosha mwalimu mkuu na mwingine usingemtosha mwanasesere. Sasa kikabaki kitambaa kimoja tu. Wakanipa mimi nikiloweke na kukipiga pasi, maana kitambaa kipya lazima kinywee kwanza kabla ya kukatwa, la sivyo sare itamrukia mtoto magotini siku ya kufuliwa.

Ijumaa nilitoka kwenda kufua kwa watu. Mwenye nyumba hakuwepo, nikarudi mapema. Mlango wa chumba cha wifi ulikuwa umeegeshwa. Nikausukuma nimwambie nimerudi.

Wifi alikuwa amesimama. Kitambaa cha sare kimetandazwa kitandani, kimechorwa chaki. Na kile kitambaa cha shingoni, nilichokifua kwa mikono yangu miaka yote hiyo, kilikuwa sakafuni. Mkono wa kulia ulikuwa nje, unaning'inia.

Niliangusha beseni. "Wifi! Mkono!"

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga, nikakaa kwenye kona ya kitanda. "Umepona? Umepona lini? Leo?"

"Mkono ulipona zamani," akasema taratibu. "Ulipona bomba likiwa bado halijatoa maji. Nilikuwa tayari kurudi kazini. Mwenyekiti akaja. Akasema, dada, wageni wamelia kwa sababu ya mkono wako. Wakipita hapa wakakukuta unakata nguo watasema tuliwadanganya, na bomba litang'olewa. Akaniambia nivumilie kidogo, mpaka maji yatoke. Maji yakatoka. Akaniambia nivumilie mpaka wageni waache kuja. Hawakuacha kuja."

Nilipigwa na butwaa, wallahi. Sikujua nimkumbatie au nimpige. Kisha damu ikanichemka, na mimi damu yangu haihitaji kuni nyingi. "Vifungo!" nikapiga kelele. "Nimekufunga vifungo, wifi! Na mimba ya pili tumboni! Nimekukata kucha za miguu! Na mkono unao!"

"Unafikiri nilipenda?" Naye akapandisha sauti. "Nilikuwa nakusikia unateka maji bombani asubuhi, unaimba. Nikasema, haya, huyu hatapanda tena mteremko na mimba yake. Basi nikakaa."

Nikajifuta uso. Nikaona jambo moja tu la maana mbele yetu. "Sawa. Yamepita. Mkasi huo hapo. Kata! Kata kitambaa, wifi, stoo iwe yetu, na kesho Mwenyekiti nitamshughulikia mwenyewe."

Hakusogea. "Nimejaribu tangu ulipotoka," akasema.

Akachukua mkasi kwa mkono wa kushoto, akauingiza kwenye vidole vya mkono wa kulia. Kidole gumba kikaingia. Vile vingine vilikuwa vimejikunja, akavivuta kimoja kimoja, vikarudi. Akajaribu kunyoosha mkono mbele. Kiwiko kikafika nusu kikagoma. Mkasi ukaanguka kitandani.

"Haufunguki," akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli la mtu mwingine. "Hauumi, wifi. Hauumi hata kidogo, ndiyo maana sikujua. Nilidhani upo tu hapo, umelala. Nilijua siku nikiuhitaji nitaufungua."

Niliushika mkono ule. Niliukanda kwa mafuta, nikauweka kwenye maji ya moto, nikauvuta mpaka akapiga kelele. Haukufunguka. Alikuwa ameuweka akiba miaka yote na mkono wenyewe ulikwisha ondoka. Tulilia sote wawili, na mimi nililia kwa sauti, sikujali jirani.

Mume wangu aliporudi nikamsubiri mlangoni. "Ulijua?"

Akaanza kuikagua baiskeli yake, mnyororo ambao hauna ubaya wowote.

"Ala! Ulijua!"

"Mwenyekiti alituapisha," akasema bila kuinua macho. "Na wewe, mke wangu, usikasirike, lakini mdomo wako ungeambiwa, mtaa wa pili wangejua kabla chai haijapoa."

Sikumpa chakula. Hayo ni mambo ya ndoa, tuyaache.

Jumamosi tulikusanyika kwenye stoo. Wameifungua, vumbi limejaa, cherehani zimepangwa ukutani. Mwalimu mkuu alikuwepo, Dada wa Kofia alikuwepo, na mfanyabiashara wa mbao alikuwa amesimama nje anapima mlango kwa macho. Mwenyekiti alikuwa amekwisha tandika mkeka pembeni. Nikaelewa hesabu yake. Tukishindwa sare, angalau wamwone mgonjwa, waondoke na huruma.

Wifi aliingia bila kitambaa shingoni.

Mkono ulikuwa nje, umekunjika, mwembamba kuliko mwenzake. Mwenyekiti akamwahi, akamwambia kwa sauti ya chini lakini mimi niliisikia, "Dada, kaa kwenye mkeka. Tafadhali."

Akampita. Akasimama mbele ya Dada wa Kofia. "Ulimwuliza huyu ninajua kufanya nini," akasema. "Nilikuwa ndani, nikasikia alichojibu. Mimi ni fundi wa kukata nguo. Mkono huu ulivunjika ukapona, nikausingizia ugonjwa ili bomba lisiondoke. Sasa umekuwa mgonjwa kweli. Wanaotaka kung'oa bomba waje waling'oe, nimechoka kulilinda."

Watu waliomshukuru kwa maji walikuwa wanatazama miguu yao. Mama wa kona alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Dada wa Kofia alikuwa amebadilika uso. "Mama," akasema polepole, "nani alikwambia bomba lingeng'olewa?"

Wifi alimtazama Mwenyekiti.

"Bomba lile halikuletwa na wale wageni. Lilikuwa kwenye mpango wa maji wa mteremko wote huu. Kila mtaa ulipewa lake mwaka ule." Dada wa Kofia akageuka, akanyoosha kidole mlangoni. "Si lile pale la wenzenu?"

Tukageuka wote. Ng'ambo ya barabara, mtaa wa pili, lilikuwepo bomba. Bomba lilelile, chuma kilekile, sakafu ya saruji ileile. Mtoto alikuwa anakinga ndoo. Tulikuwa tunalipita kila siku ya Mungu! Mimi nimepita hapo na marundo ya nguo kichwani mara ngapi? Na katika mtaa ule hakuna mtu aliyevunjika mkono, wala aliyekaa kwenye mkeka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza.

Nilimwahi wifi, nikampa bega aniegemee. Mwenyekiti alikaa mwenyewe kwenye ule mkeka wake. "Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu, dada, sikujua. Niliogopa tu." Na hapo sauti ilimtetemeka kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na mimi niliyeapa kumshughulikia nikakosa pa kuanzia.

Nilidhani wifi atalia, au atamrukia. Alisimama tu, ameniegemea, anapumua. Alilitazama bomba la ng'ambo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wifi, chukua mkasi."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine ninayemwita wifi hapa?"

"Wifi, mimi ni dobi! Kitambaa ni kimoja!"

"Umenikata kucha miaka yote hujanitoa damu hata mara moja," akasema. "Chukua mkasi, acha maneno."

Akamwita mtoto wa fundi viatu asimame mbele yake, akamtazama mara moja juu mpaka chini. "Makalio hana, miguu mirefu, bega sawa." Akashika chaki kwa mkono wa kushoto. Mstari ulikuwa unatetemeka, akaufuta, akauchora tena. Kisha akasimama nyuma yangu, kidevu karibu na bega langu. "Fungua mkasi wote. Usitafune kitambaa. Ingia. Usiinue. Hapo pindisha, pindisha mkono, wifi, si kichwa!" Watu wakacheka, na mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nilikuwa nasikia pumzi yake ikiganda kila nilipofika kwenye kona. Kra. Kra. Kra. Mkono ulikuwa wangu lakini mkato haukuwa wangu, na niliujua, maana niliwahi kuuvaa.

Mama wa kona akashona, jirani yangu mwenye cherehani ya kwenye mahindi akashona. Mtoto akavaa suruali. Mwalimu mkuu akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma, akavuta kiuno, akasema, "Hii ndiyo sare." Yule wa mbao alikuwa amekwisha ondoka, sijui saa ngapi.

Sasa stoo ni yetu. Wifi amekuwa na wanafunzi, mimi nikiwa wa kwanza na mwenye kutukanwa kuliko wote. Mkono wake unakandwa kila asubuhi na mwanamke mmoja aliyefanya kazi ya kukanda wagonjwa hospitalini, naye tulikuwa hatujui kama anajua, alikuwa anatuambia hana kitu. Kidole kimoja kimeanza kunyooka. Vingine hatujui kama vitanyooka.

Juzi gari likaja. Watoto wakapiga kelele zao, "Wageni!" Safari hii hakuna aliyekimbia kuficha chochote, tulikuwa na kazi. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akachungulia mlangoni. Nilimkumbuka. Alikuwa yule wa leso. Akasema kwa sauti ya upole, "Samahani, kuna mama alikuwa hapa, ana mkono mbovu. Mimi humkumbuka sana. Yuko wapi?"

Cherehani zote zikasimama. Sote tukamtazama wifi. Mkono wa kulia ulikuwa mezani, umelala pale pale wazi juu ya kitambaa, umekandamiza ncha yake isisogee. Kwa wa kushoto alikuwa anachora. Hakuinua kichwa.

"Alihama," akasema wifi. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unashangaa nini? Kata."

Nikakata.